Feni Iliyoahidiwa kwa Kiamhari

"Wataalamu wamesema," Redio alitangaza, hata benchi hajalikalia. Mkononi alishika kipande cha gazeti kilichofungiwa misumari. "Mfanyakazi anayemtania bosi wake kwa lugha ya kwao bosi, husikilizwa upesi."

"Wataalamu gani?" niliuliza.

"Hapo pamechanika."

Benchi letu linatazamana na geti la karakana ya samani, na kahawa anauza Mama Vikombe. Redio hupakia makabati. Mimi hupaka vanishi, nao wananiita Kumbukumbu kwa kuwa nikiahidiwa sisahau. Injini yuko kwenye mashine ya msasa, chumba cha nyuma, na jina hilo hakulipata kwa nguvu za mwili. Alilipata kwa kikohozi. Akianza, watu hutazama barabarani kuona ni lori gani limegoma kuwaka.

Feni ya kunyonya vumbi chumbani kwake ilikufa zamani. Msimamizi wa kwanza alituahidi nyingine kwa Kiswahili; wakati huo alikuwa bado na nywele. Wa pili alituahidi kwa Kiingereza. Sasa tumeletewa wa tatu, anazungumza Kiamhari, na amekuja na mkalimani wake.

Injini alikuwa ameshakwenda kuwaona ofisini. Akaeleza anavyolala ameketi. Akaeleza mkewe anavyomgonga mgongo hadi alfajiri, na daktari alivyomwambia achague: kile chumba au kifua. Mkalimani alisikiliza yote, akamgeukia bosi na kusema maneno mawili. Bosi akajibu moja.

"Amesikia," mkalimani akatafsiri.

"Basi dawa ni hii hapa," Redio alisema, akipiga gazeti. "Tujifunze wenyewe. Mzee Masafa si yupo?"

Mzee Masafa, dereva mstaafu wa malori ya kwenda nchi ya bosi, aliweka kikombe chini kama profesa aliyeitwa jukwaani. "Mimi Kiamhari cha vitabuni sikijui. Ninacho cha mtaani."

"Hicho hicho ndicho wataalamu wanachotaka!"

"Haya. Mtu akikuuliza 'selam nao?', anataka kujua kama ni salama. Mwenzako akifanya jambo la maana, mwite 'gobez', hodari. Mjanja wa mjini ni 'arada'. Mshamba ni 'fara'."

"Bosi tumwite lipi?" aliuliza Redio.

"Mwite arada. Hakuna bosi aliyewahi kulikataa."

"Na kama kuna shida?" Injini aliuliza.

"Sema 'chigir yelem'."

"Maana yake kuna shida?"

"Maana yake hakuna shida."

"Lakini mzee wangu, mimi shida ninayo."

"Mwanangu, nimeishi kule miaka, nimelala kwenye nyumba zao, nimekula nao. Hawakunipa nafasi ya kulalamika. Ukiwa umechoka wanakwambia 'ayzoh', jikaze, usihofu. Wakikwambia jambo, unaitika 'ishi', sawa. Kwa maneno hayo unazunguka nchi nzima."

"Na feni wanaiitaje?"

Masafa alinywa kahawa. "Mimi nilikuwa dereva. Nilifungua dirisha."

Wiki nzima mapumziko ya mchana yakawa darasa. Redio alijifunza haraka kuliko wote, maana mtu asiyefunga mdomo hata lugha huingia. Kufikia Ijumaa alikuwa akimwita Mama Vikombe gobez kila akijaziwa kikombe.

"Niite utakavyo," mama alisema, "lakini kikombe nirudishie."

Jumatatu tukaenda kwa bosi: Redio mbele, Injini nyuma, na mimi shahidi. Redio akamsalimu. Bosi akaruka kitini kwa furaha. Akajibu, akauliza hali, akajibiwa, akauliza tena hali ile ile kwa njia nyingine. Redio akamwita arada. Bosi alicheka mpaka akashika meza. Akawashika mabega, akamtazama Injini aliyekuwa anakohoa, akamwambia kwa huruma kabisa: "Ayzoh!"

"Ishi," Injini akajibu, kama alivyofundishwa.

Tukarudi benchini. Redio alitembea kama aliyeoa.

"Mambo safi!" alisema. "Mmeona alivyotupokea? Yule si bosi tena, ni ndugu."

"Na feni?" niliuliza.

Redio akamtazama Injini. Injini akatazama viatu vyake. Mama Vikombe akasafisha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Kumbukumbu, una roho ngumu," Redio alisema. "Mtu amecheka na sisi, wewe unaleta mambo ya feni."

"Wa kwanza alicheka na sisi kwa Kiswahili," nilisema. "Wa pili kwa Kiingereza. Huyu wa tatu kwa Kiamhari. Vumbi ni lile lile, halijahama wala halijajifunza lugha. Mzee Masafa, umetufundisha kuitikia. Kukataa je? Wale watu hawakatai?"

Masafa alisukuma kikombe pembeni. "Lipo neno," alisema. "Nililisikia mara moja tu, kwa mama mwenye nyumba. Askari walitaka ahame apishe barabara mpya, na nyumba ilikuwa yake. Akasimama mlangoni, akasema 'embi'. Sitaki. Halina adabu wala halina mkia. Sikuwafundisha kwa sababu si neno la kutaniana."

Injini alilisema polepole, midomo tu. Halafu akakohoa, akalisema tena.

Kesho yake alichelewa kuja kahawani. Redio ndiye aliyefika mbio.

"Amezima mashine! Karakana nzima kimya! Bosi kaja na jeshi la—"

"Kaja na mkalimani," Injini alisema, akitokea nyuma yake. Alikaa. Mama Vikombe akammiminia bila kuulizwa.

"Eleza basi, ndugu yangu!" Redio aliomba.

"Bosi kaingia anacheka. 'Selam nao?' Nikanyamaza. Akaniita gobez, nikanyamaza. Akanishika bega, akaniambia 'ayzoh', akanyoosha kidole kwenye swichi."

"Ukasemaje?"

"Embi."

Mzee Masafa alivua kofia.

"Akadhani nimekosea," Injini aliendelea. "Akarudia taratibu, kama anamfundisha mtoto. Na mimi nikarudia taratibu. Basi akageuka, akamuuliza mkalimani nimesema nini."

"Ngoja kwanza," Redio alisema. "Si umesema Kiamhari?"

"Kiamhari."

"Si ndiyo lugha ya mama yake?"

"Ndiyo."

"Jana tu alituelewa sote, hata mimi!"

"Hilo hakulielewa," Injini alisema. "Ilibidi atafsiriwe."

Nikamuuliza mkalimani alimtafsiria nini safari hii, maana yule ana tabia ya kufupisha.

Injini alipuliza kahawa yake. "Alikuwa amesimama pale nilipokuwa nasimama mimi. Akavuta pumzi aanze kueleza, vumbi lililokuwa bado hewani likamwingia. Akakohoa. Akakohoa mpaka akainama, machozi yanamtoka, bosi anamgonga mgongo."

"Halafu?"

"Halafu basi. Bosi akaenda kumtafuta fundi wa feni."