Simu Inalia Bila Uso

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa tisa

Leo nimekasirika. Chanzo ni picha.

Joyeuse, mke wangu, alinipigia tukiwa depo, tunapanga mifuko ya kakao. Kila anapopiga, picha yake inajaa kioo kizima: kitenge cha misa, kichwa kimeinama kidogo, anacheka. Simu ilikuwa juu ya mzani. Kabla sijaifikia, Jean-de-Dieu alikuwa ameshaiinamia kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Akapaza sauti: "Papa Sagesse, ni bokilo wangu huyu! Mais ni muzuri hivi, na alikubali wewe?" Depo nzima ikacheka. Hata Chef Kitsa, mkubwa wetu, ambaye hajacheka tangu Pasaka.

Bokilo! Shemeji! Nani alimpa undugu huo?

Huyu Jean-de-Dieu tunabeba naye mifuko na tunalala naye chumba kimoja hapa Beni. Anavaa viatu vyeupe kazini, na jioni vinabaki vyeupe. Mtu wa namna hiyo ana siri.

Sasa jambo lenyewe. Miezi minane niko huku, na Joyeuse yuko kwa mama yake, mbele ya Musienene. Amechoka. Anataka kushuka na mtoto wetu Sagesse tuishi pamoja, nikipata chumba. Nisipopata, mama yake anampa shamba, anapanda viazi. Na mwanamke wa kwetu akishapanda viazi, hata baba mtakatifu hamwondoi kabla ya mavuno. Atapiga Jumatano kuchukua jibu langu.

Mimi siwezi kumpigia. Kwa mama mkwe hakuna reseau, mtandao haufiki. Joyeuse anapanda kilima, anawasha simu, anapiga, anazima tena kutunza moto wa betri. Ujumbe hasomi. Angesomewa na jirani, na jirani ana mdomo. Kazi yangu ni moja tu: simu ilie, niitike.

Jioni nimetengeneza mambo. Nimeingia ndani ya simu, mahali pa kurekebisha. Inasema Kifaransa, nami niliacha shule darasa la tano, lakini neno "notifications" nalijua. Nikaona orodha. Nikaona "Téléphone", mbele yake kitufe kidogo cha bluu. Nikakizima. Jean-de-Dieu hataona tena picha ya mke wangu.

Mwalimu wangu alisema sitafika popote. Aje aone!

Jumanne, tarehe 9

Habari njema: chumba nimepata. Nyuma ya kanisa la Waprotestanti, mlango wake peke yake, dirisha moja. Mama mwenye nyumba amekubali. Sijamwambia Jean-de-Dieu. Akijua, atakuwa mgeni wa kwanza kubisha hodi na viatu vyake vyeupe.

Habari mbaya: simu ni mgonjwa.

Ililia saa nne. Muziki wote, mtetemo wote. Kutazama kioo, saa tu! Hakuna picha (vizuri sana), lakini hata kitufe cha kijani hakuna. Nikabonyeza katikati. Nikabonyeza pembeni. Ikanyamaza. Mara Chef Kitsa akatoka ofisini, simu sikioni, akaniuliza kwa nini anapiga nami ninatazama tu, niko hatua tano kutoka mlango wake. Nikasema simu imeharibika. Akasema simu haijaharibika, mtu ndiye ameharibika.

Nimefikiri sana. Sababu ni mbili. Ya kwanza, jasho la kakao limeingia ndani. Ya pili, Jean-de-Dieu. Jumapili aliniomba simu ati atazame saa. Mtu mwenye simu yake anaazima saa ya nini?

Ninaegemea ya pili.

Jumatano, tarehe 10

Siku ya jibu.

Tangu asubuhi nilibeba simu ndani ya kofia ili niisikie. Nimeizima na kuiwasha mara sita. Nimetoa kadi, nimeipuliza, nimeirudisha. Nimesugua kioo kwa kasiksi, maana pombe inasafisha, na iliyobaki nimekunywa, maana mtu hamwagi pombe ya ndizi.

Saa saba ikalia. Nilijua ni yeye. Moyo wangu ulijua! Kioo: saa saba na dakika tatu. Basi. Nikatelezesha kidole juu, chini, kulia, kushoto. Nikapiga kelele "Allô! Joyeuse! Chumba kipo!" Simu inaendelea kuimba. Watu wa magari wananitazama. Ikanyamaza.

Dakika moja haijaisha, ikalia ya Jean-de-Dieu.

Namba yake Joyeuse anayo, kosa ni langu. Wakati wa Pasaka simu yangu iliishiwa moto, nikaongea kwa yake. Shetani huingia kwa mlango mdogo.

Akanyoosha mkono, akasema: "Yaya, kamata, ni bibi yako." Ati yaya, kaka yake mkubwa! Ningechukua. Chumba, neno moja, ndiyo, kwisha. Lakini kioo chake kilimwandika "Bokilo Joyeuse" na ua jekundu pembeni. Ua! Nikasema mimi siongei na mke wangu kwa simu ya mtu mwingine, nina kazi. Akasema sawa, akaongea mwenyewe. Akacheka mara tatu. Nilihesabu.

Baadaye nikamwuliza walicheka nini. Akasema: "Anauliza kama unakulaka muzuri. Nikamujibu unakula hata sehemu yangu." Hiyo inachekesha nini? Tena mara tatu?

Akasema pia kwamba Joyeuse atajaribu tena Ijumaa, akiwa sokoni Musienene.

Alhamisi, tarehe 11

Dawa ya unyevu ni jua. Kakao tunaianika, inakauka. Simu nayo ni kitu. Nikaipasua mgongo, nikatoa betri, nikavianika juu ya turubai katikati ya punje, uso juu. Nikaenda kubeba mifuko miwili tu. Kurudi, mama mwenye reki amepita. Turubai nzima imegeuzwa! Nilitafuta kwa magoti mpaka adhuhuri, kama kuku. Betri nimeipata chini ya punje, inanuka siki. Simu inawaka. Inalia vizuri zaidi kuliko jana. Uso hakuna.

Mafundi wa Beni siwataki. Wote wanamjua Jean-de-Dieu. Wanampigia saluti.

Halafu nikapata wazo. Kama simu yangu haiitiki, na yake isiitike, tuwe sawa mbele ya Mungu. Alipokwenda kunawa miguu nikachukua simu yake, nikagusa ile alama ya ndege. Kwisha. Joyeuse akipiga kwake, ndege imeruka.

Saa tisa likaja lori kutoka Mbau, limejaa. Chef Kitsa akampigia Jean-de-Dieu, maana zamu ilikuwa yake. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Akatoka nje, akaniona mimi, ninapatikana kabisa. Nimeshusha lori peke yangu mpaka jua likazama. Mgongo si wangu tena.

Jean-de-Dieu alirudi ametoka kunyolewa. Akaniona nimelala kifudifudi, akanikanda mabega kwa mafuta ya mawese. Ana mikono mizuri. Hicho ndicho ninachoogopa.

Ijumaa, tarehe 12

Butembo! Nimepanda lori la kakao kama mpakiaji, nikakaa juu ya mifuko, nikanywa vumbi njia nzima. Baridi ya Butembo ni ya kwetu, ilinipa hata machozi kidogo. Lakini sikuja kulia. Nilikuja kwa fundi ambaye hajawahi kusikia jina la Jean-de-Dieu.

Fundi ni mwanamke. Jokébed, ana meza ndogo karibu na soko, miwani ya kamba, mdomo mkali. Nikamweleza historia yote: jasho la kakao, reki, adui ninayelala naye. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaingia mahali pa kurekebisha, kidole kimoja, akarudi. Muda wa mtu kukohoa.

Akasema: "Papa, simu hii hapana mugonjwa. Mutu alifunga notifications ya téléphone. Inalia, lakini ilikatazwa kuonyesha uso. Nani alikamata simu yako?"

Nikajibu kwamba ninamjua. Nikamtajia hadi rangi ya viatu vyake.

Hapo ndipo ikalia. Mkononi mwake! Na uso! Joyeuse mzima mzima, kitenge cha misa, kitufe cha kijani kikubwa kama ndimu! Nikanyoosha mkono. Lakini fundi ni fundi, lazima ajaribu kazi yake. Akatelezesha kidole, akaiweka sikioni, akasema: "Allôôô?"

Kwa sauti nzuri. Lazima niseme ukweli, ni sauti nzuri sana.

Halafu ikakatika. Nikapiga mara moja: imezimwa. Nikapiga njia yote ya kurudi, juu ya mifuko mitupu: imezimwa, imezimwa.

Nilipofika, Jean-de-Dieu alikuwa ananingoja mlangoni, hacheki. Simu yake inafanya kazi, aliiona ile ndege mwenyewe, akaizima. Joyeuse alimpigia kutoka sokoni. Akanipa maneno yake kama yalivyo: "Anauliza, ni nani ule mwanamuke wa sukari mudomoni anaitika simu ya bwana yake? Anasema, Jumapili kisha misa atapanda kilima mara ya mwisho. Hapana kupitia kwangu. Wewe mwenyewe uitike. Kama hauitiki, anaenda kwa viazi." Akaongeza kwamba alinitetea, alimwambia Kakule, yaani mimi, hana mwanamke, Kakule ana harufu.

Asante. Lakini mtu akikutetea sana kwa mke wako, ujiulize anajenga nini.

Jumamosi, tarehe 13

Nimetulia. Simu ni nzima. Kesho kazi ni moja: ilie, niitike, niseme "chumba kipo."

Jean-de-Dieu nimemsamehe kwa kufunga notifications zangu. Nilimwambia hivyo wakati wa chakula. Akauliza notifications ni nini. Anajua kuigiza!

Lakini sasa uso wa Joyeuse umerudi, na tatizo limerudi nao. Kesho simu italia chumbani, Jean-de-Dieu atakuwa pale, atainama tena na meno yake. Kuzima kitufe siwezi, fundi amenionya. Nikafikiri wakati wa kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikapata.

Picha nimeifuta. Na jina nimelibadilisha. Mahali pa "Joyeuse" nimeandika "Chef Kitsa". Nani ataijongelea simu ikiwa imeandikwa Chef Kitsa? Hakuna mtu duniani! Jean-de-Dieu akiliona jina hilo atatoka nje kukojoa.

Ni kweli, sasa nina Chef Kitsa wawili katika orodha. Si shida. Wa juu ni mke wangu, wa chini ni mkubwa. Nimekariri: juu mke, chini mkubwa. Darasa la tano linatosha.

Jioni Chef mwenyewe alipita akasema kesho huenda kuna lori, ingawa ni Jumapili. Atampigia mtu. Atakayeitika atashusha. Alinitazama mimi.

Kanisani Joyeuse ataomba kwanza, ninamjua. Mimi pia nimefagia kile chumba kipya. Nimepigilia msumari mmoja ukutani, wa kitenge chake.

Jumapili, tarehe 14

Naandika haya yote yawe ushahidi.

Misa ya kwanza nilikwenda. Nikarudi, nikanawa uso, nikavaa shati. Nikaiweka simu juu ya kiti, nikakaa mbele yake. Jean-de-Dieu kitandani, anasafisha viatu.

Saa tano ikalia. Nikaruka. Chef Kitsa! Wa juu au wa chini? Simu haionyeshi juu wala chini, inaonyesha jina tu, peke yake, katikati. Nikafikiri upesi. Lori! Ameshafika na lori lake siku ya Bwana. Nikiitika, nimekamatwa, nitabeba mifuko Joyeuse akiwa kilimani. Nikakata. Kitufe chekundu kinafanya kazi vizuri sana, Jokébed ni fundi wa kweli.

Akapiga tena. Nikakata. Mzee huyu hana haya? Anaziba njia! Joyeuse atapitaje wakati mkubwa amesimama katikati ya barabara? Akapiga ya tatu, muda mrefu. Nikakata. Ya nne. Nikakata, nikamtukana, kwa Kinande cha kwetu, ili Mungu asielewe haraka.

Kimya. Nikashukuru. Njia sasa ni nyeupe.

Ndipo ikalia ya Jean-de-Dieu. Bokilo Joyeuse, na lile ua.

Alisikiliza kwa muda. Hakucheka hata mara moja. Akaninyooshea simu, nikakataa, maana neno ni neno: mimi mwenyewe, simu yangu mwenyewe, Joyeuse ndiye alisema. Akaongea chini chini, akamaliza, akaketi karibu yangu kama mtu aliyetoka mazikoni. Akasema: "Yaya, anasema amekupigia mara ine. Na mara ine ulimukatia. Anasema ameelewa. Kesho anaanza kulima."

Mara nne! Mimi! Tangu asubuhi nimekaa mbele ya kiti hiki bila kunywa maji, na Joyeuse hakunipigia hata mara moja. Hata moja! Ila kwa Jean-de-Dieu alipiga, na kule aliitikiwa. Sasa nimewajua wote wawili.

Lakini haki ninayo, na shahidi ninaye. Aliyepiga mara nne ni Chef Kitsa. Kesho asubuhi na mapema nitakwenda ofisini kwake, nivue kofia, nimwombe aseme mbele ya depo nzima ni nani aliyekuwa akinipigia.