Mamba wa Upande Wangu

Jumatatu, 4 Agosti
Mabasi ya watalii yamenipita tena. Yote! Barabara yetu ya kando ya mto inasifiwa na kila mtu, lakini wageni wanashuka kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye mgahawa pale kwenye kona. Kwenye mgahawa wangu wanaulizia choo tu. Mke wangu anasema nifute vumbi mezani. Vumbi! Shida si vumbi. Shida ni kwamba mto wa upande wangu hauna kitu cha kutazama.

Jumanne, 5 Agosti
Dawa imepatikana. Nimemnong'oneza dereva wa basi kwamba chini ya mgahawa wangu anaishi mamba, mzee, mpole. Akaapa hatamwambia mtu. Kufikia adhuhuri mabasi yamejipanga! Wamepiga picha gogo majini, wakidhani ndiye mamba, mpaka wakachoka. Chai imekwisha. Mke wangu akauliza mamba gani. Nikamjibu biashara ni ubunifu.

Jumatano, 6 Agosti
Amekuja ofisa wa barabara, uso kama hajawahi kuchekeshwa. Eti kuna mamba? Kukana mbele ya wateja ni kuumbuka. Nikasema ndiyo, nimemwona kwa macho yangu. Akazungushia kamba ukingo wangu wote. Marufuku basi kusimama! Wageni wamehamia kwa shemeji, wamtafute mamba kwa usalama.

Ijumaa, 8 Agosti
Shemeji amezidiwa na wateja, kamwita dada yake amsaidie. Mke wangu kaondoka akiimba. Nimefuta vumbi. Nikakaa kuutazama mto ukipita taratibu. Mzuri kweli, kumbe. Alasiri shemeji akaniletea sahani ya chakula.
"Pole, shem," akasema. "Mamba wako ametutoa kimasomaso."
Chakula kitamu. Ndicho kilichoniuma.

Jumapili, 10 Agosti
Ofisa karudi, kakagua mto, hakuona hata kenge. Akasema kesho ataondoa kamba, mradi asisikie tena habari za mamba. Kazi yangu ni kunyamaza tu. Nikanyamaza! Mara akaja mama mmoja mtalii, akauliza kwa huzuni kama yule mamba maskini anaishi peke yake. Nina moyo laini mimi. Nikasema la, ana mke na watoto.
Ofisa alikuwa nyuma yangu, anafunga kamba za viatu.
Sasa kamba imefika mlangoni. Natokea dirishani. Lakini sijashindwa. Kesho nitamwambia ofisa familia nzima ya mamba imehamia kwa shemeji.