Mshenga wa Kuombea Kazi

Jumatatu, 12 Mei

Dada Elinaja kakosa kazi tena. Benki nyingine, jibu lile lile. Ni binti wa mama mkubwa, alitoka Moshi kuja huku ughaibuni kusoma shahada ya pili ya fedha, na analala kitanda cha juu yangu. Viza yake inaisha Agosti. Asipopata kampuni yenye kibali cha kuajiri wageni, anarudi nyumbani. Mimi nibaki na nani? Na Mama na hesabu zangu!

Nimemdadisi. Wasaili walimwambia aeleze ana ubora gani. Akajibu kwamba hilo wangewauliza waliosoma naye. Nikashika kichwa. Akasema kizuri chajiuza. Nikamwambia huku Croydon hakijiuzi, labda kiwekwe punguzo. Hakucheka.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata! Katikati ya somo la jiografia. Binamu yetu Humphrey alipooa hakujisifu hata kidogo. Alipelekwa mshenga, akamsifia kila kitu mpaka meno. Basi kwa nini Dada ajisemee?

Jioni nikaenda kwa Mjomba Godlisten, aliyeshaozesha nusu ya Watanzania wa hapa. Alikataa kwanza. Tangu lini upande wa binti ukatuma mshenga? Nikamweleza kwamba kampuni ndiyo bibi harusi. Akafikiri sana. Akauliza kama kutakuwa na chai.

Tunakwenda Kingsbury, kwa Bibi Bhanu, mzaliwa wa Moshi, ambaye Mama hununua unga dukani kwake. Mwanawe Pritesh, naye anajua Kiswahili, ni bosi wa kampuni ya uwekezaji. Kibali wanacho, nimehakikisha. Dada haambiwi kitu. Itakuwa zawadi.

Jumamosi, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Tulifika vizuri. Mjomba na suti, mimi na ndizi mbichi zilizonitoboa mfuko kwenye treni. Bibi Bhanu akapokea shikamoo yangu kwa furaha. Bwana Pritesh akasema ana nusu saa tu, anasubiriwa hekaluni.

Mjomba akaanza. Habari za nyumbani. Mvua za Moshi. Duka la marehemu mumewe Bibi Bhanu, na barabara iliyopita mbele yake, na nani aliitia lami. Bwana Pritesh akatazama saa. Nikamkanyaga Mjomba. Akasogeza mguu, akaingia kwenye historia ya ukoo.

Mwishowe, nusu saa ikiwa imekwisha, akafika kwenye jambo. Na kwa heshima zote, akisahau kwamba kampuni ndiyo bibi harusi, akasema kama usemavyo upande wa binti: “Mtoto wetu hajui kitu. Mbumbumbu tu. Mtamfundisha wenyewe.”

Hapo kila mtu anajua huo ni unyenyekevu tu, na anajua wenyeji wanavyojibu. Wanasema aa, sifa zake tumeshazisikia. Tukangoja.

Bwana Pritesh akasimama. Akamshukuru Mjomba kwa ukweli wake, akachukua funguo, akaondoka. Bibi Bhanu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Alimwita mwanawe kwa Kigujarati. Gari lilishaondoka.

Chai ilikuwa nzuri, Mjomba anasema.

Jumapili, 18 Mei

Dada amejua. Mjomba mwenyewe kampigia simu kumpongeza, kwamba mambo yameiva!

Afadhali Dada angenipiga. Alishuka kitandani taratibu, akakaa karibu yangu. “Aikaeli, mdogo wangu,” akasema, “mjini hapa kuna bosi mmoja tu anayelijua jina langu. Na analijua pamoja na mbumbumbu.”

Kisha akashusha begi lake kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za baridi. Zile ambazo Moshi hazina kazi.

Nimelia chooni.

Jumanne, 20 Mei

Dada kampigia Bwana Pritesh! Namba katoa Bibi Bhanu. Mimi nyuma ya mlango wa jiko, na glasi sikioni.

Sijawahi kumsikia hivyo. “Mimi si mbumbumbu,” akasema. “Nilikuwa wa kwanza darasani, hapa na Dar es Salaam pia. Usichukue maneno ya mtu. Nipime mwenyewe.” Glasi ikanidondoka.

Atapimwa wiki ijayo.

Ijumaa, 6 Juni

AMEPATA! Kazi na kibali! Mama kapiga vigelegele mpaka jirani kagonga ukuta. Begi limerudi juu ya kabati.

Dada kanishika mabega. Kasema amepata kwa sababu alijisemea mwenyewe, hatimaye, na kaniapisha nisimtume tena mtu kumsemea mtu yeyote. Nimeapa. Ana haki kabisa. Lakini nani alimkasirisha hadi akajisemea? Basi.

Mwalimu wangu wa hesabu anataka kunishusha kundi la chini. Mjomba ana nafasi Jumatatu ya kwenda kumwona. Ndizi nimeshanunua. Nimemsisitizia asilisahau lile neno mbumbumbu, alitamke kwa nguvu, maana ndilo lililofanya kazi.