Harusi ya Iringa Iliyokwenda Rujewa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Baridi ya Mbeya leo haina adabu. Naandika nimevaa glavu. Ofisi yetu ipo Mwanjelwa, ghorofani juu ya duka la vitenge, na ukungu umepanda ngazi mpaka mezani kwangu. Haidhuru! Mimi Asukile ni mhariri mkuu wa Vigelegele, jarida la harusi linalosomwa katika kila saluni kutoka Tunduma hadi Mafinga. Mhariri wa namna hiyo haandiki kwa vidole. Anaandika kwa moyo.

Asubuhi nilipita Uyole. Nikamwona mama mmoja akipanga viazi vyake: vikubwa chini, vidogo juu, kimoja kileleni kama taji. Keki ya harusi kabisa! Nikasimama, nikavua kofia. Akaniuliza nanunua au nashangaa. Nikasema nashangaa. Akanifukuza. Lakini "Tafakari ya Mhariri" ya mwezi huu nimeshaipata.

Mchana wakaja wachumba wawili. Goodness, mwalimu wa shule ya msingi huko Iringa, na Gwakisa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa. Goodness amelelewa na bibi yake, Bibi Rozalia, tangu wazazi wake walipofariki. Sasa miguu ya bibi haiwezi safari. Akikaa kwenye gari anavimba mpaka magotini. Na desturi inajulikana: bibi harusi huagwa kwao, harusi hufanyika kwa bwana harusi. Maana yake Bibi Rozalia angeikosa harusi ya mtoto aliyemlea.

Gwakisa akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja bei ya mchele:
"Kama bibi hawezi kuifuata harusi, harusi itamfuata bibi."

Basi Jumamosi ukoo mzima utatoka Rujewa alfajiri kwenda Iringa. Nikauliza mama yake Gwakisa amelipokeaje. Akasema mama aliuliza tena kama amesikia vizuri, kisha akakubali.

Shufaa, mpiga picha wangu, amepiga harusi nyingi mpaka anapiga miayo keki ikikatwa. Leo nilimwona akifuta lenzi ambayo ilikuwa safi. Wanaume kama Gwakisa bado wapo! Nimewaahidi ukurasa wa mbele. Nimeomba namba za ndugu wote, wanakamati na mpishi ili niwahoji; za wachumba wenyewe nimeziandika daftarini tu. Nimeziingiza kwenye simu mwenyewe, moja moja, na glavu.

Jumanne, 6 Mei

Sikulala vizuri. Nimemkumbuka Liberatus.

Liberatus anahariri jarida la Pete, huko huko Iringa. Mrefu. Shati limenyooshwa hata siku za mvua. Anaongea taratibu, na mashangazi wote wanampa siri bila kuombwa. Mwaka jana niliwahi harusi Njombe mapema kabisa, kabla hata ya maua. Nikamkuta tayari amekaa na mama wa bibi harusi wakimenya njegere. Harusi ikatoka kwenye jarida lake. Mimi nilibaki na picha za maua.

Sasa harusi bora ya mwaka inafanyika mjini kwake! Atasikia tu. Atakwenda kwa miguu, hana hata haja ya nauli.

Nikamweleza Shufaa kwamba lazima Liberatus apelekwe mbali siku ya Jumamosi. Shufaa akasema Iringa ni kwao, tumpeleke wapi? Nikatabasamu. Akasema tabasamu hilo analijua, na hataki kuambiwa lililo nyuma yake.

Hajaambiwa.

Jumatano, 7 Mei

Nimefanya! Ni kazi ya kitaalamu kabisa.

Nimeandika tangazo kwenye hali ya WhatsApp ya jarida, na picha ya wachumba na maua pembeni: "Mabadiliko! Harusi ya Goodness na Gwakisa sasa itafanyika Rujewa, nyumbani kwa bwana harusi. Jumamosi hii. Karibuni sana." Kisha nikaenda kwenye mipangilio, pale unapochagua nani aone. Nikatafuta jina la Liberatus. Nikaliwekea alama. Yeye peke yake!

Atakwenda Rujewa na shati lake lililonyooshwa. Atakuta mashamba ya mpunga na ng'ombe. Apige picha ng'ombe.

Nimejinunulia chapati ya pili. Ningekuwa jeshini ningekuwa jenerali.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya shughuli nyingi. Simu haitulii. Watu wengi wametuma vidole gumba na makopakopa. Mzee mmoja wa kamati ameandika, "Tumepokea mabadiliko, asante kwa taarifa." Mabadiliko gani? Nikajibu asante na yeye pia.

Mpishi wa Iringa aliyepewa kazi ya chakula ameuliza kama ndiyo basi kazi yake haipo tena. Nilidhani anatania. Wapishi wana utani wao. Nikamtumia katuni inayocheka.

Usiku nimeandika Tafakari. "Mapenzi ni ukweli," nimeandika. Sentensi nzuri sana hiyo. Nimeisoma kwa sauti mbele ya kioo.

Ijumaa, 9 Mei

Tumefika Iringa. Shufaa alilala njia nzima, mimi nilitazama vilima vya Mafinga na misonobari yake iliyosimama kama wapambe kwenye mstari. Nimeandika hilo pia.

Nyumba ya Bibi Rozalia iko juu ya mteremko, hatua chache kutoka kanisa la Kilutheri. Ua umefagiliwa mpaka michirizi ya fagio inaonekana kama nakshi. Bibi amekaa kwenye benchi, miguu juu ya kigoda, kitenge kipya. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu," na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akauliza kama nimekula. Hakusubiri jibu. Ugali ukaja, na maharage.

Aliniambia amewaandalia wakwe zake benchi la mbele kanisani. Hajawahi kumwona mama yake Gwakisa ila kwenye picha. Anataka kumshukuru kwa macho yake. "Kukubali harusi ya mwanao ifanyike kwa watu wengine," akasema, "si jambo dogo. Mimi nisingeweza."

Nikamwangalia bibi huyu. Jarida zima halitoshi kumwandika.

Liberatus hajaonekana popote. Ha!

Jumamosi, 10 Mei

Naandika usiku, mikono ikinuka masizi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi mpishi hakutokea. Goodness alikuwa ndani na shangazi zake, amesukwa, amependeza. Gwakisa, aliyetangulia Iringa tangu jana, akampigia mpishi. Mpishi akasema si mmeihamisha? Si mmekwenda Rujewa? Gwakisa akacheka. Kisha akampigia mama yake aulize wamefika wapi.

Nilikuwa karibu. Nikasikia sauti ya mama ikitoka kwenye simu kwa furaha kubwa:
"Tumefika wapi vipi? Sisi tupo nyumbani! Wageni wamejaa! Nimechinja ng'ombe! Nyie ndio mko wapi?"

Gwakisa akakaa chini, na suti yake, juu ya ndoo.

Shufaa akanivuta pembeni. Akachukua simu yangu. Akafungua mipangilio. Akatazama muda mrefu. Halafu akanionyesha. Nilikuwa nimechagua watu wote waone, isipokuwa Liberatus.

Isipokuwa Liberatus!

Na wakati huo huo lango la ua likafunguliwa, akaingia mgeni pekee aliyefika harusini kwa wakati. Shati limenyooshwa. Akamwamkia bibi, akauliza watu wako wapi.

Nilikwenda chooni. Nilikaa huko kwa muda ambao sitauandika.

Nilipotoka, Gwakisa alikuwa bado kwenye simu. Uso wake umebadilika. Nilimsikia akisema, "Hapana mama. Hapana. Halikuwa tangazo letu." Nilielewa, hata mimi, kilichomuuma mama yake. Mama yake alikuwa amekubali kwa mdomo harusi iende mbali. Lakini alipoona tangazo, alidhani watoto wamemfikiria, wamemrudishia siku yake. Furaha ikamzuia hata kuuliza. Akachinja, akapika, akaita majirani. Sasa anaambiwa si kweli.

Goodness akatoka nje na shela lake. Shangazi wakamkataza, hakuwasikiliza. Akachukua simu.

"Mama," akasema, "samahani sana. Tusamehe. Kama ukitaka tuahirishe, tutaahirisha. Tutakuja sisi kwako, siku nyingine."

Bibi Rozalia kwenye benchi alisikia yote. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya kitenge chake kipya.

Mama akajibu. Goodness akasikiliza. Akafumba macho. Kisha akatuambia: mama amesema tuwashe moto wa kupasha, chakula kinakuja.

Mchungaji Obeid wa kanisa lile akasogeza ibada mbele mpaka wafike. Liberatus akavua koti, akakunja mikono ya shati lile, akaanza kubeba viti. Shufaa akaweka kamera, akabeba naye. Nilibeba mimi pia. Nilibeba viti vingi kuliko mtu yeyote, na hakuna aliyeona.

Alasiri tukasikia matarumbeta kabla ya kuona kitu. Likatokea lori la mpunga, na nyuma yake basi, na nyuma ya basi pikapu. Juu ya lori masufuria makubwa yamefungwa kwa kamba, yakishikiliwa na akina mama wa Rujewa waliokuwa wakiimba, wamefunikwa vumbi mpaka nyusi. Pilau ya mchele wa Mbarali. Ng'ombe mzima. Vigelegele mpaka majirani wakatoka. Tangu niwe mhariri sijaona kuingia ukumbini kwa namna ile! Nilisahau kwamba mimi ndiye mkosaji. Nilipiga makofi.

Mama Gwakisa akashuka kutoka kiti cha mbele cha lori. Mwembamba, mwenye haraka. Swali lake la kwanza: nani aliandika lile tangazo?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari kuhusu wadukuzi. Liberatus akanitangulia, taratibu kama kawaida yake, akasema mitandao siku hizi, mama, ina mambo mengi.

Alijua. Mpishi alikuwa amemtumia picha ya tangazo mchana huo. Alijua, na akanifunika! Sijui ni mtu wa namna gani huyu.

Mama Gwakisa hakudanganyika. Akanitazama.
"Wewe ndiye wa jarida?"
"Ndiyo, mama. Shikamoo."
"Marahaba. Shika sufuria hili. Likiisha kuna lingine."

Kisha akaenda moja kwa moja kwenye benchi la Bibi Rozalia. Akapiga magoti, na nguo yake ya sherehe, kwenye udongo.
"Bibi, sikufichi. Nilikuonea wivu. Nilipoliona lile tangazo nilifurahi, sikukufikiria wewe. Nisamehe. Nimekuletea chote nilichopika."

Bibi akamwinua kwa mikono yote miwili.
"Nilikuwa naogopa hutakuja," akasema. "Kaa hapa, mwanangu. Benchi lina nafasi."

Wakakaa. Hawakuachana tena. Kanisani walikaa benchi moja, wakalia pamoja, wakafutana kwa kitambaa kimoja. Goodness na Gwakisa wakaapa, sauti ya Gwakisa ikakatika katikati, Goodness akamsubiri bila kumsaidia, akimtazama tu mpaka ikarudi. Hayo nimesimuliwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na majivu na sufuria la pili.

Jumapili, 11 Mei

Mgongo unauma. Asubuhi nilikwenda kumwomba Goodness radhi. Nilikuwa na hotuba. Akanisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza watoto wa darasa la pili, kisha akasema, "Kaka Asukile, tumekusamehe jana. Ulipokuwa sufuria la tatu." Akanifungia pilau ya safari.

Shufaa akanionyesha picha. Mama Gwakisa amepiga magoti, bibi ameinama, paji la uso kwa paji la uso, vumbi la barabara na kitenge kipya. Nikauliza Liberatus ameipata? Akasema Liberatus alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Alisogea, akamwachia Shufaa apige.

Nilitazama picha hiyo mpaka Makambako. Nilikula pilau huku naitazama. Watu wale! Wote wale! Ningekuwa na kurasa elfu ningewapa.

Jumatatu, 12 Mei

Mwanjelwa. Ukungu. Liberatus amepiga simu kutupongeza kwa picha. Nimemshukuru kwa dhati. Nimemwambia ni muungwana, na namaanisha. Kisha nimekata simu, nikakaa, nikatafakari kama inavyompasa mhariri.

Ukweli ni huu. Bila lile tangazo mama Gwakisa angekuja na basi, angekaa benchi la mbele kwa adabu, angerudi kwake na wivu wake moyoni. Kusingekuwa na lori. Kusingekuwa na magoti kwenye udongo. Ile ilikuwa harusi bora kuliko zote za Nyanda za Juu, na nani aliyeianzisha? Sijisifu. Nauliza tu.

Jumamosi ijayo kuna harusi hapa hapa mjini. Tupokigwe, mshona nguo, na kijana wake fundi wa redio. Harusi ya kawaida. Wanapendana, wazazi wamekubali, kila kitu kiko tayari. Hakuna hata mtu mmoja mwenye wasiwasi. Mtu atalia kwa lipi?

Kwa hiyo nimeshuka chini kwa muuza vitenge, ambaye hajawahi kutunza siri tangu azaliwe, nikamnong'oneza kwamba bwana harusi anasitasita. Hasitisiti hata kidogo. Lakini fikiria furaha yao atakapotokea!