Betri Nne za Redio ya Mama

Jumanne, 14 Juni 1994. Hedaru.

Kassimu mwenye duka ametamka leo mbele ya watu: fundi ambaye gari lake la rimoti litapanda ule mwinuko wa mbele ya duka Jumamosi, atapewa baraza lake afanyie kazi. Baraza lina kivuli, na mabasi yanasimama pale pale. Mafundi redio tuko wawili tu, mimi na Hezroni. Hezroni ana gari jipya la dukani. Langu ni la mitumba, lilitoka ndani ya belo la makoti. Tangu biashara iachiwe huru kila kitu kinafika huku, isipokuwa maelekezo yake.

Kontrola, kile kidude cha kupunguza na kuongeza mwendo wa mota, imeungua. Betri zimevuja. Vinginevyo gari ni zima kabisa.

Jumatano, 15 Juni.

Nimefikiri sana. Kontrola ya kwanza nimeitengeneza kwa waya wa jiko la umeme. Ina mwendo wa aina tatu: polepole, wastani na moshi. Nimeiacha. Ya pili nimeiunda kwa transista za amplifaya ya kwaya, ambayo waliileta kutengenezwa na naona hawana haraka nayo. Hii ni laini, inapandisha mwendo taratibu, ila inataka betri yenye nguvu. Nikafunga betri ya pikipiki. Gari likalala chini kama kuku anayeatamia. Hezroni akapita, akauliza litaangua lini.

Kumbe kontrola na betri huchaguliwa pamoja. Najua sasa ninachohitaji: betri nne kubwa, kavu, mpya.

Alhamisi, 16 Juni.

Zipo. Zimo ndani ya redio ya mama.

Mama hasikilizi muziki. Huwasha redio saa ya matangazo ya vifo tu, kisha huizima. Dada yake, mama mkubwa Raheli, anaumwa huko Tanga tangu Pasaka. Kila jioni mama huketi, mikono mapajani, akasikiliza majina ya watu asiowajua. Asipolisikia la dada yake husema asante Mungu, akaenda kuinjika ugali.

Nimemtazama leo nikamwonea huruma sana. Nikaona pia kwamba matangazo mafupi vile hayahitaji betri mpya. Nitamwekea zile kuukuu, nimezianika juu ya bati zirudishe nguvu. Kila mtu huanika.

Ijumaa, 17 Juni.

Nimebadilisha betri mama akiwa bombani. Gari limepanda mwinuko wa nyuma ya nyumba bila kusita. Nusura nitoe machozi ya furaha.

Jioni. Jua la Juni ni dhaifu, hilo sikulifikiria. Mtangazaji alisoma, "Bi Raheli Elinihaki wa Tanga," redio ikakoroma, ikanyamaza. Mama aliipiga kofi. Kisha akakaa chini, akaanza kulia.

Nilitaka kumkumbusha kwamba kwenye tangazo hutajwa kwanza anayetangaza, si marehemu. Mama analijua hilo kuliko mimi, lakini uchungu haukumpa nafasi. Ila ningesema, ningeulizwa kwa nini redio imezimika. Nikalia na mimi.

Jumamosi, 18 Juni.

Uani kumejaa watu, turubai, sufuria za kanisa. Kwaya imekuja, ikaulizia amplifaya yake. Nimewaambia msibani si mahali pa kuzungumza kazi. Kassimu ameahirisha mashindano kwa heshima ya msiba wetu. Hezroni anapasua kuni zetu tangu alfajiri. Mtu mbaya sana huyu.

Mchana lori likasimama. Akateremka mama mkubwa Raheli, amekonda, lakini mzima. Nyuma kulikuwa na jeneza la mama mkwe wake, bibi mzee sana, anapelekwa kuzikwa kwao Bombo, huku juu milimani. Walikaa stendi asubuhi nzima wakingoja ndugu wawapokee, kama tangazo lilivyoomba. Akauliza hapa amekufa nani. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili na hakutaka kuuachia. Niliona aibu, kwa kweli.

Jumatatu, 20 Juni.

Jana tumezika Bombo, kwenye ukungu. Mama alimshika dada yake mkono kwenda na kurudi. Mimi hakunisemesha.

Leo asubuhi amebeba redio yake, akanipita mimi, fundi, mwanawe wa kumzaa, akampelekea Hezroni. Hezroni alifungua, akamwambia betri hizi zilianikwa juani. Kassimu alikuwa amesimama hapo hapo. Baraza amempa Hezroni bila mashindano.

Mama aliporudi alisema polepole, "Linus mwanangu, dada yangu nimeshamlilia. Siku yake ikifika nitamlilia tena. Umenifanya nimzike mara mbili." Akaingia jikoni.

Nimelia, safari hii kweli. Nimemrudishia betri zake zote nne. Nimeapa sitagusa tena redio ya mtu anayesubiri habari.

Mama mkubwa amebaki kwetu apumzike. Kesho nitapita na gari mbele ya duka la Kassimu, aone alichokikosa. Mama mkubwa amekuja na tochi ndefu, ya betri tano mpya kabisa, ya kutokea nje usiku. Tochi haitangazi habari za mtu yeyote. Nimechukua nne tu, moja nimemwachia.