King'ora Kikilia, Wapeni Chai

Halmashauri ya Skelbrough inatangaza kwa fahari kwamba wizi umeahirishwa hadi mpito ukamilike.

Simu za waya wa shaba zinazimwa Uingereza nzima. King'ora cha dukani au nyumbani, ambacho mwizi akiingia hukipigia simu kituo cha ulinzi, sasa kinaupigia waya uliokufa. Kitaendelea kulia, lakini hakimwiti mtu. Dawa yake ni kuweka kipya kinachotumia intaneti, kazi ya fundi mmoja asubuhi moja. Sisi tukaunda Kamati.

Mimi ni Naibu Mratibu. Mwenyekiti ni Diwani Crispin Thackray, na agizo lake ni hili: hakuna kubadilisha king'ora bila ruhusa ya Kamati, na king'ora chochote kitakacholia kihesabiwe kuwa kinajaribiwa. Atakayeita polisi au kuwasumbua mafundi atapigwa faini.

Wananchi walitii bila kinyongo. Hawa ni watu ambao ukiwakanyaga wao ndio wanaoomba radhi. Hata zamani king'ora kikilia walifunga dirisha tu.

Msumbufu alikuwa mmoja, Thirza Oldroyd, mkaanga samaki na chipsi. Bima ilimpa mpaka Ijumaa: bila king'ora kinachopiga simu, hakuna bima, bila bima, mwenye fremu ya duka anamtoa.

"Kipenzi, fundi yuko nje na ngazi yake," aliniambia. "Nipe ruhusa niende zangu."

"Bi Oldroyd, Kamati itakutana mwezi ujao kupanga lini ikutane."

"Na mwizi akija kesho?"

Diwani alichungulia, biskuti mkononi. "Mama, kipigie kituo wewe mwenyewe. Mapema, kabla hajavunja."

"Nitajuaje? Ataniaga akitoka kwao?"

"Lugha hiyo haisaidii mpito."

Alhamisi mchana akapiga simu ofisini. Alikuwa mtaa wa juu, amempelekea mteja samaki.

"King'ora kinalia huku, kipenzi. Wanaume wenye vizibao vya njano wanatoa vitu."

Nikamshukuru kwa kushuhudia jaribio.

"Wamepakia piano."

"Piano nayo inajaribiwa."

Diwani alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Alisikia neno piano, akaninyang'anya simu. "Mama! Mkiwasumbua hao mafundi nawatoza faini mtaa mzima!"

"Tuwasumbue? Hata! Tumewapa chai. Bwana Entwistle wa jirani amewashikia geti. Ila wanauliza ufunguo wa stoo ya mvinyo."

"Mwenye nyumba ana wajibu wa kutoa ushirikiano!"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, Diwani. Huo ufunguo wako uko wapi?"

Nimefanya kazi na Diwani Thackray miaka mingi. Sijawahi kumwona akitafakari suala kwa undani kiasi kile.

"Ita polisi!" akasema, sauti imepanda kama ya kuku.

"Ningeita, kipenzi. Ila naogopa faini. Hivi ile ruhusa yangu iko hapo karibu?"

Akaisaini akiwa amesimama, karatasi ameniegemezea mgongoni.

"Tayari! Nimesaini! Piga!"

"Na muhuri," alisema Bi Oldroyd. "Wacha niusikie."

Diwani akaisogeza simu mezani. Muhuri wa Kamati haupigwi ovyo. Nikaufuta vumbi, nikauchovya wino, nikaupulizia, kisha nikaugonga taratibu, kama kanuni zinavyotaka.

"Samahani, kipenzi," sauti ikasema. "Sijasikia vizuri."