Betri Kubwa na Kunguru wa Kasungami

Jumatatu, 24 Februari 2025

Redio imesema! Cobalt, madini ya betri, haitoki tena nchini. Miezi minne hakuna gunia litakalovuka mpaka. Mashariki vita, miji inaanguka, na sasa hata mawe yetu yamefungiwa. Depo za mawe hapa kwetu Ruashi zilifunga milango kabla ya chakula cha mchana. Na mimi, Aimé, mnunuzi wa mawe niliyejulikana mpaka mwisho wa lami, nina magunia ya cobalt sebuleni, pale palipokuwa na kochi.

Benita aliyatazama magunia. Akanitazama mimi. Akamchukua Glodie, binti yetu, akachukua na ile sufuria nzuri, akaenda kwa mama yake, mtaa wa Hewa Bora. Mlangoni alisema hana hasira, amechoka tu. Kwanza bata waliokimbia, halafu mashine ya sabuni, sasa mawe. "Siku plan yako moja itafika mwisho bila kutuaibisha, njo siku nitarudia, Papa Glodie."

Moja tu! Mke mwingine angedai mbili.

Jumanne, 25 Februari

Plan imepatikana! Mama mkwe, Mama Jeanne, ana shamba la mahindi Kasungami, nje ya mji. Mahindi yanakomaa na kunguru wanayamaliza. Mwaka huu unga haushikiki, kwa hiyo shamba lile ndilo tumbo la ukoo mzima. Atakayefukuza kunguru atakuwa mfalme wa Hewa Bora. Benita atarudi, na sufuria pia.

Na silaha ninayo! Clément, gérant anayesimamia depo, alikuwa na bunduki ya mchezo iliyoachwa na Mzungu mmoja. Nyeusi, ndefu, inatema vidonge vya plastiki kwa nguvu ya betri. Huko kwao watu wazima wanachezea vita nayo. Sisi vita tunavyo bure. Betri yake ilikufa zamani. Nimempa Clément magunia yote, naye amenipa bunduki. Alicheka sana tulipokuwa tunapakia. Ni mtu wa furaha.

Shida: inafanana na ya kweli, na askari wa siku hizi hawana utani. Nimeifunga mgongoni kwa kitenge cha Benita, kama mtoto. Kizuizini askari aliuliza mtoto ana umri gani. Nikasema miezi sita. Akazunguka nyuma, akapima kwa macho. "Huyu mutoto iko murefu, kabisa!" Nikasema amemfuata babu yake. Akanipitisha! Nyumbani nimeipaka rangi ya waridi iliyobaki ya chumba cha Glodie. Inapendeza mno.

Jumatano, 26 Februari

Betri! Siku nzima betri.

Nilienda kwa Laurent. Mimi na yeye tumeoa nyumba moja: mke wake Michelle ni dada yake Benita. Laurent ni mtu wa Butembo, huko mashariki, muuzaji wa jumla. Malori yake yamekwama upande wa Goma na bado anakunywa chai taratibu. Inaudhi. Mama mkwe humsifu kila Jumapili.

Aliweka betri tatu mezani. Ya nikeli: nene, nzito, ya kizamani. Ya lithiamu iliyochanganywa na chuma: nyeupe, ya adabu. Na ya lithiamu kubwa: bapa, inang'aa, ina picha ya radi! Laurent alisoma maandishi madogo kwenye tumbo la bunduki. Akasema nichukue ya nikeli, bunduki ilitengenezwa kwa hiyo. Ile kubwa itakula meno ya gia na kuunguza swichi. Tena lazima iwe na chaja yake peke yake. "Shemeki, usikimbilie nguvu," alisema, kwa sauti ile ya kanisani.

Laurent anifundishe betri? Mimi! Cobalt ya betri za dunia nzima inachimbwa karibu na choo changu! Nilizibeba zote tatu mpaka depo. Nkandu, mpimaji, hana mawe ya kupima. Nikamwomba azipime kwa mashine ya teneur, ile inayosoma jiwe lina cobalt kiasi gani. Hivyo ndivyo nilivyonunua mawe maisha yangu yote. Teneur ikiwa juu, chukua. Ikiwa chini, acha.

Ya nikeli: cobalt karibu hakuna. Nyeupe: sifuri! Betri bila cobalt, hapa Ruashi! Niliona aibu kwa niaba yake. Kubwa: teneur ilipanda mpaka Nkandu akapiga mluzi. Alisema angepata gunia la namna ile angeoa mke wa pili. Basi. Nyeupe na nikeli nimezirudisha, kubwa nimeichukua. Laurent alitikisa kichwa. Atikise!

Alhamisi, 27 Februari

Umeme ulirudi mchana! Nilichomeka betri kwenye chaja iliyokuja na bunduki. Ni chaja ya nikeli, lakini betri ni betri. Baada ya muda ikavimba kidogo, kama shavu la Glodie akificha bonbon, pipi yake. Nikafurahi. Inashiba!

Kisha jaribio uani. TRRRRRRR! Ndoo imetoboka! Nilicheza peke yangu, nikazunguka, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu. Niliponyamaza, mtaa mzima ulikuwa kimya. Halafu sufuria. Hapa kwetu wezi wakija usiku tunagonga sufuria mpaka wakimbie. Leo barabara nzima iligonga mchana kweupe. Mama Victorine, jirani, alikuwa chini ya meza yake ya kuuzia makaa, anagonga kifuniko na kulia kama waasi wamefika, "Balishaingia! Bako kwa Papa Aimé!"

Jioni habari ilikuwa imefika mjini: Ruashi imeanguka. Laurent mwenyewe alinipigia simu, maneno yanakimbizana, kuuliza waasi wako wangapi. Nilimwambia hali ni ngumu, afunge duka. Amefunga! Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Ijumaa, 28 Februari

Ujumbe kutoka Hewa Bora! Mama mkwe amesikia nina dawa ya kunguru. Hakuniambia yeye, bila shaka. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, na ukimkuta njiani unaingia majanini mpaka apite. Alimwambia Benita, Benita akanipigia simu. Kesho, Kasungami, familia yote itakuwapo.

Nikamuuliza Benita kama amenikumbuka. Akasema Glodie amenikumbuka. Akakata simu polepole. Upole ule nimeutafsiri vizuri sana.

Habari mbaya: Laurent naye analeta dawa. Sanamu ya mti, iliyovishwa koti lake la harusi. Masikini! Koti dhidi ya radi.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Michelle alinipiga kwa jembe. Upande wa mpini, namshukuru.

Lakini asubuhi! Asubuhi ilikuwa tukufu! Kunguru walijaa. Wawili walikaa kwenye mabega ya koti la Laurent na kumchungulia. Mimi nikasimama mbele ya familia na bunduki ya waridi. Mama mkwe alikuwa mbali pembeni, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka, ameinama anachuma majani ya maboga. Nikafyatua. TRRRRRRR! Kunguru wote juu, wingu zima, wanalia, wanakimbilia upande wa Zambia! Glodie akapiga makofi. Benita akacheka. Kicheko chake cha kweli, ambacho sikuwa nimekisikia tangu bei ya mawe ianguke. Moyo wangu ulitaka kupasuka.

Nikaachia kidole. Bunduki haikuacha.

Nikabonyeza, nikaachia, nikaitikisa. TRRRRRRR! Swichi ilikuwa imeungua, kama alivyosema mtu fulani. Ndani nikasikia gia zikisagika. Laurent akapiga kelele nichomoe betri. Nikageuka ili nimwambie najua ninachofanya. Niligeuka na bunduki.

Mama mkwe alikuwa bado ameinama.

Sijawahi kumwona akikimbia. Anakimbia vizuri. Alipita mahindi, akapita mashamba ya majirani, majani ya maboga yakiruka nyuma yake, naye anaita marehemu mume wake kwa jina. Betri ikaanza kutoa moshi. Laurent alininyang'anya bunduki, akaichomoa betri kwa fimbo na kuifukia kwa udongo, taratibu, kama mtu anayekunywa chai. Bunduki ikanyamaza. Kisha kunguru wakarudi.

Benita hakuwa anacheka tena. Hilo ndilo linaniuma, kuliko mpini.

Jumapili, 2 Machi

Kikao cha familia Hewa Bora. Mimi nje chini ya dirisha, Mama mkwe ndani nyuma ya pazia, amekaa juu ya mito. Mjomba wa Benita, Chola, alieleza kwamba ukimgusa mkwe kwa bahati mbaya unatoa kuku. Ukimpiga vidonge vya plastiki, wazee wa zamani hawakuacha kipimo. Wengine walisema mbuzi. Mmoja alisema talaka. Nilipenda mbuzi.

Mwishoni Mama mkwe alisema neno, Michelle akalileta dirishani. Hataki mbuzi. Koti la Laurent halitishi kunguru kwa sababu halitembei. Basi mkwe wa bunduki avae koti, asimame shambani mpaka mavuno, na agonge sufuria. "Na bunduki yake akae nayo mbali na mie!"

Jumatano, 5 Machi

Inafanya kazi! Nimesimama shambani siku nzima, nimevaa koti la harusi la Laurent, nagonga sufuria kwa kijiko. Hakuna kunguru hata mmoja!

Saa sita Benita akaja na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mhogo. Aliponiona na lile koti, mikono imenizidi urefu, alicheka mpaka akakaa chini. Tukala pamoja. Akasema hasira ya mama imepoa, amekaa kitini leo asubuhi. Akasema nikigonga hivi hivi mpaka mavuno, atarudi Ruashi na Glodie na ile sufuria nzuri. "Gonga tu, Papa Glodie. Bila plan." Nikaapa. Nilikuwa na machozi. Nampenda mwanamke huyu kuliko cobalt yote ya Katanga, nikamwambia hivyo, akanipangusa sombe kidevuni.

Alipoondoka niligonga kwa moyo wote. Mkono ukachoka. Nikabadilisha mkono. Nikafikiri.

Mota ya bunduki ni nzima. Gia ndizo zilizokufa. Mota ikifungwa kijiko, sufuria ikitundikwa kwenye mti wa sanamu, itagonga yenyewe, haraka kuliko mkono wa mtu yeyote, nami nikae kivulini. Kosa la Jumamosi lilikuwa swichi. Basi, sitaweka swichi!

Laurent alisema akinipa betri tena atanipa ya nikeli, bure. Bure, ndiyo, na teneur yake sote tunaijua. Lakini dukani kwake imebaki moja yenye picha ya radi. Nimempigia Nkandu simu akainunue. Analeta kesho asubuhi, kabla Benita hajafika na chakula.